Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Vitambaa vilivyodariziwa na wanachama mmeviona pale mezani. Leo nataka kuwaeleza juu ya kimoja cha mbali, cha Marekani.

Ni mfuko wa pamba wa wakati wa utumwa. Huko South Carolina mama mmoja mtumwa, jina lake Rose, alikuwa na binti wa miaka 9, Ashley. Mtoto akauzwa. Kwa sheria ya wakati ule Rose hakuwa na mali, wala mtoto hakuwa wake. Basi akamtilia mfukoni gauni lililochakaa, konzi tatu za kokwa za pikani, zinazoliwa kama korosho, na msuko wa nywele zake mwenyewe. Akamwambia mapenzi yake yamo humo humo. Hawakuonana tena.

Tumejuaje? Mwaka 1921 mjukuu wa Ashley, Ruth Middleton, alishika sindano na nyuzi akaidarizi habari hii juu ya mfuko wenyewe. Mwaka 2007 ukaonekana katika soko la vitu vikuukuu huko Tennessee, na baadaye ukaonyeshwa katika jumba la makumbusho Washington. Gauni halipo, nywele hazipo. Bila sindano ya Ruth lingekuwa gunia tu.

Na sisi hatuko mbali na habari hii. Ile merikani waliyovaa bibi zetu ililetwa Unguja na merikebu za Salem, Massachusetts, katika karne ya 19. Pamba yake ilichumwa na watumwa kama Rose.

Akina mama, mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka kumi tumeandika hisa, tumeandika mikopo, lakini nafasi ya mrithi wengi wetu tumeiacha wazi. Mwenzetu alipofariki, watoto wake walihangaika miezi minne, maana hakuna aliyejua marehemu alimkusudia nani. Rose hakuwa na haki ya kurithisha hata uzi. Sisi tunayo, halafu tunaiacha!

Kwa hiyo leo, kabla ya pilau, kila mmoja apite kwa katibu, ataje jina la mrithi wake, atie sahihi au dole gumba. Mimi nitatangulia.