Kiingereza cha Wodini na Mwalimu wa Mashine



Mwezi wa Julai mwaka 2021 Serikali ya Kenya ilitia saini mkataba na Serikali ya Uingereza wa kuwapeleka wauguzi wa Kenya wakafanye kazi katika hospitali za umma za Uingereza. Kabla mwaka huo haujaisha, Waziri wa Afya wa wakati ule, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza habari iliyowashangaza wengi. Wauguzi wapatao 300 waliokuwa wakitazamiwa kusafiri walikuwa wamefanya mtihani wa lugha ya Kiingereza, na waliofaulu walikuwa 10 tu.

Kicheko kikapita barazani. Wapo hata wa upande huu wa mpaka, waliozoea kutaniwa na majirani kwa Kiingereza chao, ambao habari ile iliwaburudisha sana. Lakini aliyecheka hakujiuliza swali lililo muhimu. Imekuwaje watu waliofundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wakasomea uuguzi kwa Kiingereza, na kuandika faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku ya kazi, wakaangushwa na Kiingereza?

Sehemu ya jibu imo katika kipimo chenyewe. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza humtaka muuguzi wa kigeni anayefanya mtihani wa IELTS apate alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na alama 6.5 katika kuandika, katika kipimo ambacho kilele chake ni 9. Mtihani huo hauulizi habari za vidonda wala dripu. Humtaka mtu aandike insha juu ya jambo lolote la dunia, na aandike kwa saa iliyohesabiwa. Upo mtihani wa pili unaokubalika, uitwao OET, ambao ulianzia Australia na ulitungwa mahsusi kwa watu wa tiba. Humo muuguzi huandika barua ya kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzake, kisha huzungumza na mtu anayejifanya mgonjwa. Huo ndio ulio karibu zaidi na kazi yenyewe, na hapo ndipo sehemu ya pili ya jibu inapoonekana, kwani kujua Kiingereza cha darasani si sawa na kumwelewa mgonjwa kitandani.

Mathalani, bibi kizee wa Kiingereza anaweza kumwambia muuguzi kwamba anataka kwenda kutumia peni moja. Muuguzi mgeni atadhani bibi anataka kununua kitu, kumbe anaomba kupelekwa msalani. Usemi huo ulitokana na vyoo vya umma vya zamani ambavyo mlango wake ulifunguka kwa sarafu ya peni. Hakuna kitabu cha uuguzi kinachofundisha neno hilo.

Tena kuna neno pole. Mgonjwa akijikwaa, muuguzi wa Afrika Mashariki humwambia pole kwa Kiingereza, akatumia neno lile lile ambalo Mwingereza hulitumia kuomba radhi. Kwa muuguzi hiyo ni huruma. Kwa mgonjwa na jamaa zake yaweza kuwa ni kukiri kosa, na katika nchi ambako hospitali hushtakiwa, neno hilo si dogo. Vivyo hivyo katika kuitana. Muuguzi aliyelelewa katika heshima hawezi kumwita mzee wa miaka 80 kwa jina lake la kwanza, na huko mzee mwenyewe huenda ndiye anayetaka aitwe hivyo.

Yako pia makosa yanayotoka ndani ya Kiswahili chenyewe, nayo ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu msemaji hayaoni. Mswahili husema mkono, na neno hilo huanzia begani hadi kwenye ncha za vidole. Mwingereza ana maneno mawili, moja la kiganja na vidole, jingine la sehemu yote iliyo juu yake. Mguu nao ni hivyo hivyo. Askari polisi wanalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Nchini Kenya fomu ya P3, ambayo ni ndugu wa PF3 ya Tanzania, hujazwa na mtu wa tiba kwa Kiingereza, kisha hupelekwa mahakamani, na humo dhara la kawaida hutengwa na dhara kubwa. Tabibu akiandika kiganja mahali ambapo risasi ilipita karibu na bega, wakili wa mshtakiwa atakuwa na kazi nyepesi sana siku ya kesi.

Na saa je? Dawa iliyotolewa saa mbili usiku kwa hesabu ya Kiswahili ni dawa ya saa nane kwa hesabu ya Kizungu. Muuguzi aliyechoka, anayefikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, akiteleza hapo ameteleza kwa saa sita nzima. Jeshi lililiondoa tatizo hili zamani kwa kuhesabu saa 24.

Katika hali hiyo ndipo mashine mpya ilipoingia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotolewa kwa umma programu ya ChatGPT, akili mnemba imekuwa mkononi mwa kila mwenye simu na kifurushi cha intaneti. Wauguzi, matabibu na madaktari wa nchi nyingi wameigeuza kuwa mwalimu wa Kiingereza. Muuguzi huiamuru ijifanye mzee mwenye maumivu ya kifua, mkaidi, asiyetaka kulazwa. Mashine hujibu kama mzee huyo. Mazungumzo yakiisha, huulizwa ni wapi muuguzi alikosea, nayo hueleza. Au huandikiwa barua ya rufaa, ikaonyesha kwamba jambo la maana, yaani mzio wa penisilini, limezikwa katika mstari wa kumi na tano mahali ambapo daktari mwenye haraka hatalifikia.

Faida yake kubwa haiko katika elimu yake. Iko katika subira na usiri wake. Mtu mzima mwenye cheo huona haya kukosea mbele ya watu. Muuguzi mkuu wa wodi hapendi kusahihishwa matamshi mbele ya wanafunzi wake, na afisa hali kadhalika mbele ya askari wake. Mbele ya mashine anaweza kukosea mara arobaini baada ya zamu ya usiku, na hakuna atakayemcheka. Kwa watu ambao mishahara yao haiwaruhusu kumlipa mwalimu kila juma, na ambao ada ya mtihani ni mzigo kila wanapoanguka, hilo si jambo la kubezwa.

Hata hivyo mwalimu huyu ana kasoro, na ya kwanza imo katika masikio yake. Mashine hujifunza kusikia kwa kulishwa sauti nyingi za watu, na sauti nyingi ilizolishwa ni za Wamarekani na Waingereza. Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima mashine za kusikiliza za makampuni matano makubwa, yakiwamo Google, Amazon na Microsoft. Waligundua kwamba kwa Wamarekani weupe mashine hizo zilikosea maneno 19 katika kila 100, na kwa Wamarekani weusi zilikosea 35. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza vinywani mwao. Basi Mkamba wa Machakos au Mjaluo wa Kisumu atasikiwaje? Muuguzi hutamka jina la dawa sawasawa, mashine ikasikia jambo jingine na kumwambia amekosea. Hapo huanza kupinda ulimi ili airidhishe mashine, na kumbe mgonjwa halisi angalimwelewa tangu mwanzo.

Kasoro hiyo imepata watu wa kuishughulikia, na fahari ni kwamba wamo Waafrika. Mwaka 2023 kampuni ya Kinaijeria ya Intron Health, pamoja na wachunguzi wenzao, ilitoa mkusanyo wa sauti uitwao AfriSpeech-200. Una saa 200 za Kiingereza kilichosomwa na Waafrika 2,463 wa nchi 13, wenye lafudhi 120, na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya hospitalini. Mashine zilizofundwa kwa sauti hizo ziliwasikia Waafrika vizuri zaidi kuliko zile zilizotoka ng'ambo kama zilivyo. Msikilizaji atambue kwamba kazi hiyo haikuhitaji kiwanda, bali watu wa kusoma maneno mbele ya kinasa sauti, na subira ya kuyapanga.

Kasoro ya pili ni kwamba mashine ikishindwa haisemi imeshindwa. Mwaka 2024 wachunguzi walieleza kwamba programu ya Whisper, inayogeuza sauti kuwa maandishi, ilitunga maneno ambayo hayakusemwa na mtu katika takriban sehemu 1 kwa 100 ya sauti walizozipima. Moja kwa mia ni kidogo katika insha, bali katika maandishi ya dawa ni nyingi mno.

Ya tatu ni ya utamaduni, nayo haionekani upesi. Kiingereza cha mashine hizi aghalabu huelemea Marekani. Mmarekani huiita asetaminofeni dawa ile ile ambayo Mwingereza na Mwafrika Mashariki huiita parasetamoli. Sukari ya damu huipima kwa kipimo ambacho mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, huwa na kama 90, wakati Uingereza mtu huyo huyo huandikwa 5. Anayejiandaa kwenda London akafundwa kwa desturi za Chicago atafika na tarakimu zisizoeleweka wodini. Hapana budi aiambie mashine mapema ni nchi gani anayoikusudia, na awepo mwalimu wa kibinadamu, ikiwezekana muuguzi aliyewahi kufanya kazi huko, wa kukagua mara kwa mara.

Kuna na hatari ambayo askari hawahitaji kuelezwa mara mbili. Muuguzi mwenye bidii hupenda kufanya mazoezi kwa barua halisi. Huchukua faili la mgonjwa, hulinakili katika mashine, na huomba lisahihishwe Kiingereza. Maneno hayo husafiri hadi mitambo ya kampuni iliyo nje ya nchi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Lakini sheria haisimami nyuma ya bega la muuguzi saa nane za usiku. Katika hospitali ya jeshi, idadi ya waliolazwa na aina ya majeraha yao ni habari ambayo adui angeilipia fedha. Mazoezi na yafanywe kwa wagonjwa wa kubuni.

Yasidhaniwe haya ni mambo ya wanaokimbilia Ulaya peke yao. Rwanda iligeuza lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mwaka 2008, na madaktari waliosomea Kifaransa ikawabidi waanze upya wakiwa watu wazima, zama ambazo mwalimu wa mashine hakuwapo. Kongo, iliyoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, huwafunda matabibu wake kwa Kifaransa, na Burundi ni hivyo hivyo. Kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023 kikosi cha Jumuiya kilipokuwa mashariki ya Kongo, kilikuwa na Wakenya, Waganda, Warundi na Wasudani Kusini. Wapo wapiganaji wa mataifa hayo walioweza kuongea Kiswahili. Karatasi za tiba hazikuandikwa kwa Kiswahili.

Majeruhi aliyepoteza fahamu hawezi kujieleza kwa lugha yoyote. Barua iliyofungwa kwenye machela yake ndiyo itakayosema ni saa ngapi alidungwa mofini, ni mkono upi na sehemu ipi ya mkono. Na huko porini ambako barua hiyo huandikwa, mara nyingi mtandao haushiki. Tabibu wa kikosi atakuwa na kalamu, tochi, na Kiingereza kile alichokizoea kabla hajaondoka kambini.