Maji Yanatoka, Mashine Inaungua: Kutafuta Hitilafu ya Upoozaji kwenye Mashine za Boti



Mashine ikianza kuchemka, sote, mafundi na manahodha, hukimbilia kutazama kitundu cha nyuma kinachorusha maji. Yakitoka tunasema pampu nzima, twende. Yasipotoka tunafungua mguu wa mashine. Napinga mazoea yote mawili. Kitundu kile hupata tawi dogo tu la maji ya kupoozea. Kinaonyesha kuwa pampu inasukuma, lakini hakithibitishi kuwa silinda zinapoa.

Maji yakikatika ghafla, zima mashine, inua mguu, kagua nyavu za kuingizia maji pembeni mwa giaboksi. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, lakini vipande bado vinaelea, pamoja na mwani na nyuzi za nyavu za kuvulia, na huziba hapo. Nyavu zikiwa safi, pitisha waya laini kwenye kitundu. Chumvi na mchanga huweza kukiziba chenyewe huku maji ndani yanapita vizuri. Pampu nyingi hufunguliwa bure kwa sababu hiyo.

Sasa pampu. Impela ni mpira, na kinachoilainisha ni maji yenyewe. Kuwasha mashine nchi kavu ili kusikiliza mlio, hata kwa sekunde chache, kunaweza kuiunguza. Wanaovuka kati ya Nyamisati na Kilindoni, kisiwani Mafia, wana adui wa ziada, tope la delta ya Rufiji. Maji yakipwa siku za bamvua, propela hukoroga tope na mchanga, pampu inavinywa, na kikombe cha chuma kinachoizunguka impela kinachimbika. Pitisha ukucha ndani yake. Ukikwama kwenye mistari, badilisha kikombe na sahani ya chini pamoja na impela. Ukiweka impela mpya peke yake, maji yatavujia kwenye mistari hiyo na mteja atarudi akilalamika kuwa umemuuzia spea mbovu.

Hesabu mabawa ya impela ya zamani. Yakiwa yamebaki manne kati ya sita, mawili yamo ndani, kwenye bomba au kwenye njia za silinda, na hayo ndiyo yatakayounguza mashine wiki ijayo. Yatafute mpaka yapatikane. Unapofunga, zungusha shafti upande uleule inaozungukia mashine ikiwa kazini, ili mabawa yalale inavyopasa. Kisha hakikisha mdomo wa bomba la maji umeingia sawasawa kwenye mpira wake. Ukikaa upande, maji yanamwagika ndani ya mguu na juu yanafika machache.

Maji yanayotoka kwa nguvu huku silinda hedi haishikiki yanatupeleka kwingine. Chumvi iliyoganda imebana njia za maji, au themostati imekwama ikiwa imefungwa. Itumbukize themostati kwenye sufuria ya maji na uyachemshe taratibu, isipofunguka, haifai. Kuna mafundi wanaoing'oa na kuitupa. Siliafiki hilo hata kidogo: mashine inayofanya kazi ikiwa baridi huchafua plagi na kula mafuta, na mvuvi ndiye anayelipa. Chumvi ilainishwe kwa siki na kukwanguliwa kwa kijiti. Maji ya betri yasiguse alumini, maana yanaila.

Muulize pia nahodha mashine inachemka wakati gani. Ikichemka kwenye mwendo mdogo na kupoa ikikimbia, mara nyingi pampu imechoka. Ikiwa kinyume, shuku njia iliyobanwa, au hewa. Kwenye boti zetu za mbao mkuku huishia karibu na mashine, na mapovu yake yanaingia moja kwa moja kwenye nyavu za maji. Mashine iliyofungwa juu mno hunyonya hewa hivyohivyo. Hapo hakuna spea ya kununua. Ishushe mashine, au uchonge mwisho wa mkuku uwe mwembamba.

Mapovu ya mkuku hayaonekani mashine ikiwa haikimbii, kwa hiyo naomba tukubaliane leo kwamba jaribio la kuwasha mashine kwenye pipa la maji halitoshi. Mashine ndogo za kuvuta kamba mara nyingi hazina king'ora cha joto, na ikinoki katikati ya mlango-bahari wa Mafia wakati wa kusi, abiria wote wanachukuliwa kaskazini. Fundi aingie botini, mzigo uwe wa kawaida, mashine ikimbizwe mpaka ipate joto lake, kisha aishike silinda hedi yeye mwenyewe. Gharama ya jaribio hilo iandikwe kwenye bei ya matengenezo, na mwenye boti aelezwe kabla kazi haijaanza.