Kombe la Makarani: Historia ya Ubingwa wa Mpira wa Kikapu wa Wanawake Katika Marekani

Wekeni karatasi na kalamu karibu, maana mwisho wa somo yako maswali matatu ya kuzungumza.

Leo tutazungumza juu ya mchezo. Labda mzee mmoja atauliza, “Mchezo nao ni elimu?” Naam, mzee wangu, ni elimu. Ukitaka kujua watu wa nchi fulani wanawafikiriaje wanawake wao, tazama ni mchezo gani wanawaruhusu kucheza, kwa kanuni gani, na kwa fedha ya nani. Tutatazama mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanawake wa Marekani, yaliyoanza mwaka 1926.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwezi wa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada. Alitaka vijana wake wapate mchezo wa ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Akatundika vikapu viwili vya matunda, futi 10 kutoka chini, akaandika kanuni 13, mchezo ukaanza.

Si mbali na hapo, katika mji wa Northampton, kilikuwako chuo cha wanawake kiitwacho Smith. Mwalimu wa mazoezi ya viungo alikuwa Bibi Senda Berenson, mzaliwa wa Lithuania. Aliusoma mchezo huo mpya, akaona utawafaa wasichana wake. Tarehe 22 Machi 1893 wanafunzi wa mwaka wa kwanza walishindana na wa mwaka wa pili. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama.

Lakini Bibi Berenson alikuwa na hofu. Siku zile waganga wengi walisema ya kuwa mwili wa mwanamke hauwezi mbio nyingi, na wazazi waliona aibu binti yao akisukumana mbele za watu. Kwa hiyo aliugawa uwanja sehemu tatu kwa mistari, na kila mchezaji akatakiwa kubaki katika sehemu yake. Tena alikataza kumpokonya mwenzako mpira, au kuushika zaidi ya sekunde tatu.

Je, akina mama mliosoma shule, kanuni hizo hamzifahamu? Bila shaka mnazifahamu. Mchezo huu wa wasichana ulivuka bahari ukafika Uingereza, na huko ukageuzwa kidogo kidogo. Mwaka 1901 Waingereza walichapa kanuni zake, wakauita netiboli. Ndio mpira wa pete ambao walimu wa Kiingereza waliuleta katika shule za wasichana za Afrika ya Mashariki. Basi msichana wa Tabora au wa Nairobi anayepigiwa filimbi kwa kuvuka mstari, na mwanafunzi wa Northampton wa mwaka 1893, wamezuiliwa na hofu ile ile.

Hata hivyo, wasichana waliupenda mchezo. Tarehe 4 Aprili 1896, katika San Francisco, timu ya chuo cha Stanford ilishindana na timu ya chuo kikuu cha California. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza wanawake wa vyuo viwili kushindana kwa mchezo huu. Stanford walishinda kwa 2 kwa 1. Msicheke udogo wa hesabu. Katika historia mara nyingi mlango hufunguliwa kwa ufa.

Sasa tufike kwenye mashindano yenyewe. Chama kikubwa cha wanamichezo wa ridhaa wa Marekani, kiitwacho kwa kifupi AAU, kilianzisha ubingwa wa taifa wa wanawake mwaka 1926. Mashindano yalifanyika Los Angeles, kwa kanuni za wanaume, na washindi walikuwa timu ya Pasadena. Kisha yakanyamaza miaka miwili. Mwaka 1929 yalifufuka katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, na tangu hapo timu zilikusanyika kila mwaka kushindana kwa mtoano: anayeshindwa hufunga mzigo wake akarudi kwao.

Wapinzani walikuwako, na wengine walikuwa wanawake wenyewe. Mwaka 1923 walimu wengi wa kike wa mazoezi ya viungo waliungana katika shirika moja, na kiongozi wao alikuwa Bibi Lou Henry Hoover, ambaye mumewe alikuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1929. Tusiwadharau, walikuwa na hoja. Walisema ya kuwa mashindano makubwa humnufaisha mchezaji mmoja hodari na kuwaacha mamia wamekaa. Ya kuwa wafanya biashara watawatumia wasichana kama tangazo. Na ya kuwa heri kila msichana acheze kidogo kuliko wachache wacheze mbele ya umati. Vyuo vingi viliwasikiliza, vikaacha kushindana.

Basi, ikiwa vyuo vikubwa vimekataa, ni nani waliocheza? Hapa ndipo penye ajabu. Waliocheza walikuwa wafanya kazi. Walikuwa makarani, wapiga taipu, wasichana wa viwandani na wanafunzi wa vyuo vidogo vya kufundishia kazi za ofisi. Kampuni ilimwajiri msichana, mchana akapiga taipu, jioni akavaa nguo za mchezo zenye jina la kampuni kifuani.

Nitawapa mifano. Mwaka 1930 kampuni moja ya bima ya Dallas, jimbo la Texas, ilimwajiri msichana aitwaye Mildred Didrikson, ambaye watu walimwita Babe. Aliandikwa kazi ya ofisi, lakini kilichotakiwa hasa ni mikono yake uwanjani. Mwaka 1931 aliiongoza timu ya kampuni, Golden Cyclones, kupata ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata, katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, alipata medali mbili za dhahabu na moja ya fedha katika riadha.

Baada yao, chuo cha biashara cha Tulsa, katika Oklahoma, kilichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 1934 mpaka 1936. Timu yao iliitwa Stenos, yaani waandishi wa hati mkato. Na katika miaka ya 1951, 1952 na 1953 ubingwa ulikwenda kwa wasichana wa kiwanda cha soksi cha Hanes katika Winston-Salem, jimbo la North Carolina. Hao walicheza michezo 102 bila kushindwa hata mmoja.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa sarafu. Katika mashindano hayo palikuwa pia na shindano la urembo, mchezaji mmoja akavikwa taji la malkia. Waandalizi walitaka kuwahakikishia watu ya kuwa msichana anayekimbia hajaacha kuwa msichana. Nani amepata kuona wanaume wakimaliza mchezo wa mpira, kisha wapangwe mstari wachaguliwe sura?

Na upo uchungu mkubwa zaidi. Wasichana weusi walifungiwa nje ya mashindano hayo kwa miaka mingi, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Walikuwa na timu zao. Iliyosifiwa kuliko zote katika miaka ya 1930 ni Tribunes ya Philadelphia, iliyofadhiliwa na gazeti la Wamarekani weusi. Mchezaji wao mkuu, Ora Washington, alikuwa pia bingwa wa tenisi katika chama cha watu weusi, akashinda mara nane peke yake. Mwanamke huyo alipata riziki yake kwa kazi za ndani katika nyumba za watu. Hakupewa nafasi hata mara moja kuligombea kombe la taifa. Mwaka 1955 Missouri Arledge, wa chuo cha Philander Smith katika Arkansas, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika orodha ya wachezaji bora wa mashindano ya AAU. Ora Washington aliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa kikapu mwaka 2018, naye alikuwa amekwisha kufa tangu 1971.

Turudi uwanjani. Katika miaka ya 1950 palitokea timu mbili zilizoshindana kama fahali wawili katika zizi moja. Ya kwanza ni Flying Queens, yaani Malkia Warukao, wa chuo cha Wayland katika mji mdogo wa Plainview, Texas. Tajiri mmoja wa mji huo mwenye ndege ndogo alikuwa akiwarusha kwenda kwenye michezo, na ndiyo maana ya jina lao. Chuo hicho kiliwapa wachezaji msaada wa karo, jambo ambalo karibu hakuna chuo kingine kilichomfanyia mwanamke siku zile. Toka 1953 mpaka 1958 walishinda michezo 131 mfululizo.

Nani aliyewasimamisha? Ni timu ya pili, chuo cha biashara cha Nashville, jimbo la Tennessee, katika mashindano ya taifa ya mwaka 1958, mjini St. Joseph, Missouri. Chuo hicho kilichukua ubingwa mara 11 kwa jumla, na kuanzia 1962 mpaka 1969 hakuna aliyekigusa: miaka minane mfululizo.

Katika timu ya Nashville alikuwamo binti wa mkulima aitwaye Nera White. Orodha ya wachezaji bora wa taifa ilipotolewa kila mwaka, jina lake lilikuwamo mara 15 mfululizo, na mara 10 alitajwa kuwa bora wa mashindano yote. Mwaka 1957 alikwenda Rio de Janeiro na timu ya Marekani. Wakawashinda Warusi, wakawa mabingwa wa dunia, na yeye akachaguliwa kuwa mchezaji bora.

Mwaka 1969, baada ya ubingwa wa nane, mwenye chuo aliivunja timu. Nera White alikuwa na umri wa miaka 33. Kwa mwanamume hodari wa kiasi hicho zilikuwapo timu za kulipwa. Kwake hapakuwa na pa kwenda. Alirudi shambani kwao Tennessee, akalima na kufuga ng'ombe. Vijana wa mtaa wake walikua bila kujua ya kuwa mama yule aliye juu ya trekta aliwahi kuwa bora katika dunia.

Wasikilizaji, hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Kombe lile lilikuwa zuri, na waliolipigania walikuwa hodari. Lakini timu zilikuwa mali ya watu wengine. Mwenye kampuni akipenda, timu ipo. Akichoka, timu hakuna. Kanga ya kuazima haisitiri matako. Hisani ya tajiri inaweza kuanzisha jambo, ila haiwezi kuwa msingi wake.

Msingi ulikuja kwa sheria. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Nixon alitia sahihi sheria ya elimu ambayo sehemu yake ya tisa ilikataza kumbagua mtu kwa ajili ya jinsia yake katika shule au chuo chochote kinachopokea fedha ya serikali kuu. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, chama cha vyuo kilichoongozwa na wanawake wenyewe kilikuwa kimekwisha kufanya ubingwa wake wa kwanza wa kikapu, na chuo kidogo cha Immaculata, Pennsylvania, kiliwafunga West Chester 52 kwa 48. Wakati huo ile mistari iliyowafunga wachezaji katika sehemu zao ilikuwa imefutwa. Tangu 1971 wanawake watano walicheza uwanja mzima kama wanaume. Mwaka 1976 mchezo wa wanawake uliingia Olimpiki katika Montreal, na vikapu vya kwanza vilitiwa na Lusia Harris, msichana mweusi kutoka Mississippi. Mwaka 1982 chama kikuu cha michezo ya vyuo, NCAA, nacho kilianzisha ubingwa wa wanawake, na mwaka 1997 ligi ya kulipwa ya WNBA ilicheza msimu wake wa kwanza.

Ubingwa wa zamani wa makarani ukafifia. Lakini mwaka 1992 jumba la heshima la mpira wa kikapu liliwafungulia mlango wachezaji wanawake kwa mara ya kwanza. Waliingia wawili siku moja: Lusia Harris, binti wa zama mpya, na pamoja naye Nera White, aliyeitwa kutoka shambani baada ya miaka 23.

Sasa haya ndiyo maswali ya vikundi. La kwanza: walimu wa mwaka 1923 walisema heri wote wacheze kidogo kuliko wachache wacheze sana. Je, walikuwa na haki? La pili: katika kijiji chenu, ni jambo gani la maendeleo linalotegemea hisani ya mtu mmoja, na mtalifanyaje liwe lenu? La tatu: wasichana wenu wana uwanja wa kuchezea? Kama hawana, wavulana walipata wao kwa njia gani?

Swali la tatu msilijibu kwa maneno tu. Nendeni mkaupime uwanja kwa hatua. Kwaherini.