"Karo Mniachie Mimi": Ahadi Hii Ina Maana Gani Huku Gusii?

Maneno haya niliyasema Jumamosi pale Keroka, mbele ya wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne. Wengi wenu mliniuliza kwenye uzi uliopita kuhusu karo ya vyuo vya kiufundi, kwa hivyo nayaweka hapa vile nilivyoyasema. Kawaida yetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

Bwakire, wazazi wangu. Vijana, mko? Haya.

Kila msimu wa kampeni tunaambiwa: "Watoto waende chuo, karo mniachie mimi." Tunapiga makofi. Hata mimi nimepiga. Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusomea umeme, tuliahidiwa basari. Mama akaniambia, "Mbuzi tusiuze kwanza, si mheshimiwa amesema atalipa?" Tukangoja. Muhula wa Septemba ukaanza, hundi hakuna. Bonasi ya majani chai ikaingia Oktoba, lakini kijana alishajirudia nyumbani, anachuma majani ya watu kwa kilo. Muhula mzima ukaenda hivyo. Hundi ilifika Februari. Shilingi elfu tano.

Sasa tufanye hesabu, na mwenye kalamu aandike. Kuanzia 2018, karo ya mwaka katika vyuo vya umma vya kiufundi iliwekwa Sh56,420. Serikali ya kitaifa ilikuwa inatuma Sh30,000 kwa chuo moja kwa moja. Zilizobaki, Sh26,420, ndizo za mzazi. HELB nayo ilikopesha hadi Sh40,000 kwa mwaka, kwa hivyo ukishatoa karo, kijana anabaki na Sh13,580 za kula na kulala. Katika hesabu hiyo yote, mmeona mahali pa mheshimiwa? Hayumo. Elfu tano yake haifiki hata moja ya tano ya ile Sh26,420. Ni msaada, sikatai, na kuna nyumba imeokolewa na hiyo elfu tano. Lakini huko si kulipa karo.

Tangu 2023 mpango ulibadilishwa. Sasa kuna ufadhili, kuna mkopo, na kuna sehemu ya familia, na mgao unategemea hali ya nyumbani. Ndiyo maana mtoto wako na wa jirani wanaweza kuingia darasa moja na kuitishwa pesa tofauti. Msikimbilie kusema mmoja amependelewa. Ulizeni kwanza walijaza nini kwenye fomu.

Na hapa ndipo watu wengi huumia: KUCCPS inakupa nafasi, haikupi pesa. Ufadhili na mkopo unaomba mwenyewe, kando. Nimeona kijana amebeba barua ya kujiunga kama hundi, anafika kwa dirisha la karo anaambiwa jina lake halina hata senti. Alidhani serikali "inajua". Haijui mpaka uiambie. Halafu mkopo ni deni, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Yeyote anayesimama jukwaani akiuita "pesa ya bure ya vijana" anawadanganya.

Jambo lingine ni chuo ni cha nani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, pamoja na chekechea. Lakini Kisii National Polytechnic, ile wazee bado wanaiita Gusii Institute, iko chini ya serikali ya kitaifa, na ilipandishwa hadhi 2016. Kwa hivyo anayetafuta ugavana akiahidi kupunguza karo ya pale, muulizeni kwa sheria gani. Na MCA akiwaambia chuo cha ufundi cha wadi yenu hakina cherehani wala mwalimu kwa sababu Nairobi imelala, huyo anakwepa. Bajeti ya hicho chuo hupitishwa na bunge la kaunti, ambako yeye anakaa.

Basari ya mbunge nayo hutoka NG-CDF. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria ya mfuko huo inakiuka Katiba, ikaweka 30 Juni 2026 kuwa mwisho wake. Mimi siko hapa kusema mfuko ni mbaya au ni mzuri. Hilo mtalibishania huko nje, na najua mtabishana. Nasema tu, mtu akikuahidi kumlipia mtoto hadi amalize, ulizia ni kutoka mfuko gani, ni ngapi kwa muhula, na inafika mwezi gani. Muhula unaanza Januari, Mei na Septemba. Hundi ya "baadaye kidogo" ndiyo ilimrudisha ndugu yangu kwa majani.

Vijana, mliopata D msijifiche. Diploma inataka C-, cheti cha ufundi kinataka D, na chini ya hapo kuna kozi za artisan. Usikubali mtu akuuzie nafasi. Na kama ni chuo cha watu binafsi, kile cha ghorofani juu ya duka la simu, hakikisha kimesajiliwa na TVETA kabla hujatoa shilingi. Karo inaingia akaunti ya chuo, si M-Pesa ya mtu.

Mdogo wangu alirudi chuo Mei. Tuliuza mbuzi, tukaomba HELB, na alisoma na wale waliomfuata nyuma. Mama bado ana ile barua ya basari, ameiweka ndani ya Biblia.

Nimemaliza. Aliyekuja na barua ya mtoto, aje tuisome pamoja mstari kwa mstari. Niko kwa hiyo meza karibu na mlango mpaka saa nane.