Kuupima Mchezo Kabla ya Kuulipia
Mazungumzo na watumiaji, Tunduma, Mkoa wa Songwe



Katika mji wa mpakani kama huu tumezoea kuzungumza juu ya bidhaa zinazopita forodhani: betri bandia, vipodozi visivyofaa, vyakula vilivyopitwa na muda. Leo tumeona vema tuzungumzie bidhaa isiyopakiwa katika lori, bali huingia nyumbani kupitia simu na kompyuta. Bidhaa hiyo ni mchezo wa mikakati wa papo kwa papo.

Wachezaji wa bao hupokezana zamu. Katika michezo tunayoizungumzia hakuna zamu. Mchezaji hukata miti, huchimba dhahabu, hujenga ngome na kupeleka askari, na mpinzani wake hufanya hivyo hivyo kwa wakati uleule. Anayechelewa kuamua hushindwa. Mtindo huu ulipata umbo lake mwaka 1992 kwa mchezo wa Dune II; ukafuatwa na Warcraft mwaka 1994, Age of Empires mwaka 1997 na StarCraft mwaka 1998. Hatukuja kuilaani michezo hii. Iliyo mizuri humzoeza mchezaji kupanga, kugawa mali chache kwa mahitaji mengi, na kushindwa bila kukata tamaa.

Lakini penye bao watazamaji hawanyamazi. Huuliza kwa nini kete zile zimechezwa vile, nao huona kosa kabla ya mchezaji mwenyewe. Tabia hiyo ya kuhoji tunaomba tuihamishie kwenye michezo ya simu na kompyuta, kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: ni nini hasa kinachouzwa? Katika michezo ya zamani mtu alinunua mchezo mara moja, na tangu hapo muda ulikuwa sawa kwa wote. Aliyeshinda alishinda kwa wepesi wa akili na wa vidole. Katika michezo mingi ya simu kupakua ni bure, na kinachouzwa ni muda. Mfano unaojulikana ni Clash of Clans, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Finland. Jengo huweza kuchukua saa nyingi, na kadiri mchezaji anavyopanda ngazi, siku kadhaa, kukamilika. Asiyetaka kungoja hutumia vito, na vito hupatikana kwa uvumilivu au kwa pesa halisi. Bei huonyeshwa wazi, hivyo hatusemi kwamba ni utapeli. Tunasema tuielewe biashara yenyewe. Sisi tunaijua foleni ya malori ya hapa mpakani. Katika mchezo wa namna hii, aliyeiweka foleni ndiye anayeuza nafasi ya kuiruka.

Tuchukue mfano wa mama muuza mchele ambaye mtaji wake umo ndani ya simu. Mwanawe wa miaka 11 huchezea simu hiyohiyo jioni. Kadi ya mtandaoni ya mama imeunganishwa na duka la programu, na duka haliulizi nywila. Mtoto anabonyeza mara tano, na ngome yake inapanda. Kesho yake mama yuko mbele ya muuzaji wa jumla, na pesa ya gunia haipo. Mtoto hakudhamiria wizi. Alidhani amenunua vito vya kuchezea. Adhabu haitarudisha mtaji. Kinga ndiyo bora: tuweke nywila kwa kila ununuzi, tuiondoe kadi katika simu anayoichezea mtoto, na tukaangalie salio mara kwa mara. Likitokea la kutokea, tuombe kurudishiwa fedha bila kuchelewa. Kwa ununuzi mwingi wa Google Play, ombi linalotumwa ndani ya saa 48 ndilo lenye njia nyepesi zaidi.

Swali la pili: je, kilichotangazwa ndicho kilichomo? Mwaka 2018 kampuni ya Blizzard ilitangaza Warcraft III: Reforged, toleo jipya la mchezo wake wa mwaka 2002. Ulipotoka Januari 2020, wanunuzi wengi walilalamika kwamba baadhi ya mambo waliyoonyeshwa hayakuwamo. Baada ya malalamiko hayo kampuni ilifungua njia ya kurudisha fedha. Tunajifunza mambo mawili: tusilipie mchezo ambao bado haujatoka, na tusidharau nguvu ya mchezaji anayesema. Duka la Steam, kwa mfano, hupokea maombi ya kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 tangu kununua, mradi mchezo haujachezwa zaidi ya saa mbili. Saa hizo mbili tuzitumie kuukagua mchezo.

Swali la tatu: je, utafanya kazi kwenye chombo chetu, na kwa gharama gani? Tusome mahitaji ya kompyuta kabla ya kulipa. Tuulize kama mchezo unadai intaneti muda wote, kwa maana kifurushi nacho ni bei. Nakala za wizi zinazouzwa katika flashi huweza kubeba virusi, na asiye na fedha hana sababu ya kuzikimbilia. Upo mchezo wa 0 A.D., ambao hutolewa bure kihalali, hauna matangazo wala vito vya kununua, huchezwa hata bila intaneti, na miongoni mwa mataifa yake umo ufalme wa Kush wa Bonde la Nile.

Mchezaji akishajibiwa maswali hayo, awaambie na wenzake. Kusema "mchezo mbaya" hakumsaidii mtu. Aseme alitumia chombo gani, alilipa kiasi gani, na ni wapi mchezo ulimlazimisha kuchagua kati ya kungoja na kulipa.

Mwisho, tukumbushane haki zetu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji, nayo inasimamiwa na Tume ya Ushindani. Tutunze risiti na ujumbe wa malipo, kwani lalamiko lisilo na ushahidi ni gumu kusaidiwa. Akitokea mtu kwa ujumbe mfupi akiahidi vito vya bei nafuu na kuomba namba ya siri, tusimpe. Namba yake tuitume kwenda 15040.

Kuuliza si ujinga.