MIGOMBA INAYOKAUKA BILA SABABU KUJULIKANA
(Maneno ya katibu wa kilimo katika mkutano wa chama. Yamebandikwa kwa ajili ya wasiofika.)



Nimeombwa niseme juu ya migomba inayokauka. Maneno yamekuwa mengi. Mmoja anasema ni jua, mwingine anamtazama jirani kwa jicho baya. Mimi nasema hivi: kabla ya kumtaja mtu, kata mkungu utazame ndani.

Ukiona ndizi zinaiva zingali changa, na ndani zina rangi ya kutu, ua dume limesinyaa, tena shina ukilikata linatoa uteute wa manjano kama usaha, huo ni unyanjano, yaani mnyauko wa bakteria. Lakini kama yanayoanza kugeuka manjano ni majani ya chini, yale mazee, yakavunjika na kuning'inia, ndani ya shina mna michirizi ya kahawia bila usaha, na ndizi ni safi, huo ni mnyauko wa Panama, ukungu wa udongoni. Huo matoke yetu ya kienyeji hayashikwi nao. Unyanjano hauchagui. Na mgomba ukianguka wenyewe, chimba utafute fukusi kwenye tunguu.

Unyanjano ulijulikana Ethiopia tangu 1968, ukaonekana Uganda 2001, na hapa kwetu Kagera 2006. Dawa ya kunyunyizia haipo. Atakayekuuzia chupa anakula pesa yako bure.

Unasafirije? Nyuki na nzi wanatua kwenye ua dume la mgomba mgonjwa, kisha wanakwenda kwa mzima. Halafu panga! Mtu anakata majani kwa huyu, panga linaazimwa, linakwenda kukata kwa yule. Na machipukizi tunayopeana: ndugu anakupa kwa moyo mzuri, kumbe amekupa na ugonjwa.

Basi, chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, siyo kwa panga. Panga likitoka mgomba mmoja lipitishwe motoni mpaka lisishikike, ama lioshwe kwa jiki. Mgomba mgonjwa ukatwe usawa wa ardhi, usiburutwe kibanjani, na mbuzi wasiingie humo. Rudi kila wiki, maana mingine ya tunguu hilo huugua baadaye. Shina lote likishaugua, ling'olewe, na usipande mgomba pale kwa miezi 6. Panda maharage au viazi.

Sasa hili la kuficha. Wapo wanaokata usiku kwa aibu, ama kwa kuogopa ndizi zao zitakosa mnunuzi. Nyuki hajui mpaka wa kibanja. Huyo mama jirani yako mwenye migomba thelathini tu, ikiisha, watoto wake wale nini? Ukiona dalili, mwambie mjumbe siku hiyo hiyo.

Jumamosi saa moja asubuhi tunapita kibanja kwa kibanja, tukianzia kwa Mwenyekiti. Njooni na mapanga. Kuni za moto zitatoka chama. Kijiti chenye panda kila mtu akate chake.