Umeme na Sumaku: Mazungumzo kwa Wanafunzi wa Kilifi

Wanafunzi, kila mvuvi wa Malindi mwenye dira anajua kuwa sindano yake hufuata sumaku ya dunia. Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliopitisha umeme. Kumbe umeme huzaa sumaku. Mwaka 1831, Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kinyume chake: sumaku ikisogea ndani ya koili ya waya, huzaa umeme.

Kanuni hizo mbili ndizo zinazoendesha transfoma iliyo juu ya nguzo kijijini. Ndani yake mna koili mbili zilizozungushwa kwenye chuma. Umeme wa volti 11,000 au 33,000 huingia koili ya kwanza. Sumaku yake, inayobadilika kila mara, huzalisha umeme katika koili ya pili yenye mizunguko michache. Ndipo nyumbani hufika volti 240. Hata umeme wa jua wa Langobaya, unaozalishwa bila sumaku, hupitia transfoma.

Mafuta ya transfoma hupoza koili na kuzuia umeme usiruke. Yakiibwa, transfoma huungua, na shule, zahanati na nyumba hubaki gizani. Tena, anayeyafuata hufuata kifo.

Waya ukianguka, usiusogelee wala kuugusa kwa mti. Ardhi yenyewe, hasa ikilowa, hupitisha umeme. Kaeni mbali, zuieni wengine, na mwite mtu mzima aijulishe Kenya Power.